Vumbi la Mbao Nyumbani: Likamate Kabla Halijafika Puani



Ukivuka mpaka pale Mpondwe, ukapita Bwera na kushika barabara ya kwenda Kasese, utaona kazi ya useremala imekaa nje, mbele ya macho ya kila mpita njia: vitanda, makabati, milango, viti vya kanisani na, hatuna budi kusema, majeneza. Ukipanda upande wa Maliba, chini ya milima ya Rwenzori, kazi ile ile inafanyika nyumbani: benchi limewekwa barazani au chini ya paa la mabati lililounganishwa na ukuta wa nyumba. Baba anapiga randa, watoto wanacheza kwenye maranda, mama anapika hatua chache kutoka hapo. Baadhi yenu mmejifunza kazi huko kabla ya kuja kambini, na wengine mnakwenda kule kutafuta kibarua na kurudi. Humu kambini pia karakana nyingi ni za namna hiyo hiyo, kwa sababu fundi hana mahali pengine pa kufanyia kazi isipokuwa kwenye kiwanja chake.

Makala hii inahusu vumbi la kazi hiyo. Hatuji kukuambia uache useremala. Ni kazi nzuri, inalisha watu. Tunataka kueleza vumbi gani lina madhara, kwa nini, na jinsi ya kulikamata kwa vifaa unavyoweza kupata.

Vumbi lisiloonekana

Watu wengi wanafikiri vumbi baya ni lile rundo lililo chini ya benchi. Rundo lile ni uchafu, linaweza kushika moto na linamtelezesha mtu, lakini si lile linaloingia kifuani. Maranda ya randa na chembe nene za msumeno ni nzito, zinaanguka karibu na mguu wako. Zile zinazofika pumzini ni ndogo mno.

Unywele wa mtu una unene wa karibu maikroni 70, yaani sehemu 70 za milimita moja iliyogawanywa mara elfu. Chembe za vumbi zilizo kubwa kuliko maikroni 10 nyingi hunaswa puani na kooni. Zilizo ndogo kuliko hapo zinaweza kushuka hadi ndani ya mapafu. Na hizo ndogo haziharakishi kuanguka. Katika chumba kisicho na upepo, chembe ya maikroni 10 inahitaji dakika kadhaa kutoka kwenye urefu wa uso wako hadi sakafuni. Ya maikroni 3 inahitaji zaidi ya saa moja. Kwa hiyo ukimaliza kupiga msasa, ukazima mashine, ukavua kitambaa puani na kukaa pale pale kula, bado unavuta vumbi la kazi uliyokwisha kuimaliza.

Unaweza kuliona kwa macho yako. Ngoja giza liingie. Piga msasa kipande cha ubao kwa dakika mbili ndani ya karakana, kisha mwambie mtu asimame upande wa pili na kuwasha tochi, mwanga ukielekea upande wako lakini usikupige machoni moja kwa moja. Ndani ya mwanga ule utaona wingu ambalo mchana hukuliona kabisa. Jaribio hili halina gharama, nasi tutalirudia mwishoni kwa sababu ndilo litakalokuonyesha kama mabadiliko uliyofanya yana faida.

Mashine zimebadilisha vumbi

Msumeno wa mkono na randa ya mkono vinatoa vipande vinene. Mashine ya msasa inatoa unga laini kuliko kifaa chochote cha karakana. Msumeno wa umeme uko katikati. Hii ina maana kwamba fundi wa leo anavuta vumbi tofauti na babu yake, hata kama wanatengeneza kitanda cha aina moja.

Huko Kasese umeme umesaidia mageuzi hayo. Mto Mubuku unaoshuka kutoka Rwenzori unaendesha mitambo ya umeme, na ule wa Bugoye, wenye uwezo wa megawati 13, ulianza kazi mwaka 2009. Nguzo za umeme zinapofika kijijini, seremala ni mmoja wa watu wa kwanza kutafuta mashine, na ana haki: kazi ya siku mbili inamalizika asubuhi moja. Lakini mashine nyingi zinazouzwa zikiwa zimetumika zimekwisha kupoteza mifuko yake ya vumbi. Ile tundu iliyo nyuma au ubavuni mwa randa ya umeme, inayotema maranda, ilitengenezwa ili ifungwe mfuko. Ikiachwa wazi, mashine inakutemea wewe.

Mbao nazo hazifanani. Mvule unajulikana kuwasha ngozi na pua, na kwa watu wengine unaleta pumu. Libuyu na mbao nyingine nyekundu zinazovuka kutoka Congo ni nzuri kwa makabati, lakini unga wake ni mwepesi na unaelea sana. Paini ni laini na ina utomvu unaokera pua za baadhi ya mafundi. Mbao za kubandikwa, zile zinazotengenezwa kwa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, zinatoa vumbi laini mno, tena lenye gundi ndani yake. Hakuna mbao ambayo vumbi lake ni dawa.

Linafanya nini mwilini

Madhara ya haraka unayajua: kupiga chafya, macho mekundu, pua kuziba, ngozi kuwasha kwenye shingo na mikono. Mengi ya haya yanapungua ukipumzika.

Baada ya hapo kuna pumu ya kazini. Huanza taratibu, baada ya miezi au miaka. Mtu anakohoa jioni na usiku, kifua kinabana, kinapiga filimbi. Siku ya ibada na siku za mapumziko anajisikia nafuu, na akirudi kwenye benchi hali inarudi. Dalili hiyo ya kupata nafuu siku za mapumziko ni muhimu sana. Ukiiona, mweleze mhudumu wa afya kazi unayofanya, hata kama hajakuuliza. Pumu ikigunduliwa mapema na vumbi likipunguzwa, mtu anaweza kuendelea vizuri. Ikiachwa miaka mingi, huenda isiondoke hata baada ya kuacha kazi.

Jambo zito zaidi ni saratani ya pua. Katika miaka ya 1960, kwenye mji wa High Wycombe huko Uingereza, ambao ulikuwa unaishi kwa kutengeneza viti na meza, daktari wa masikio, pua na koo Esme Hadfield na wenzake waliona saratani ya ndani ya pua, ambayo kwa kawaida ni nadra sana, ikiwapata mafundi wa samani mara nyingi kuliko watu wengine. Mwaka 1968 habari hiyo ilichapishwa katika jarida la madaktari wa Uingereza. Uchunguzi wa nchi nyingine ukaonyesha jambo hilo hilo, na mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu ambavyo imethibitika vinaleta saratani kwa binadamu. Ushahidi una nguvu zaidi kwa mbao za miti yenye majani mapana, na mvule, mahogani, msizi na kalitusi zote ni za jamii hiyo.

Usiogope kupita kiasi. Saratani hiyo bado ni nadra hata kwa maseremala, na huja baada ya miaka mingi ya kuvuta vumbi. Lakini kijana anayeanza kazi akiwa na miaka 16 ana miaka mingi mbele yake. Dalili za kuangalia ni pua kuziba upande mmoja tu kwa muda mrefu, au kutoka damu upande mmoja mara kwa mara. Hizo si za kungojea.

Na kifua kikuu? Hapa tunaomba usikilize kwa makini. Tunakutana na mafundi wanaokohoa muda mrefu na kusema, "Ni vumbi tu, nimezoea." Kikohozi cha wiki mbili au zaidi ni lazima kipimwe makohozi, awe mtu ni seremala au sivyo. Katika kambi tunaishi karibu karibu, na mgonjwa mmoja asiyetibiwa anaweza kuambukiza nyumba nzima. Kupimwa na kutibiwa kifua kikuu katika vituo vya afya vya serikali ya Uganda ni bure, kwa mkimbizi kama kwa mwenyeji. Ikionekana huna, basi tutazungumza juu ya vumbi.

Jambo moja zaidi, kwa sababu tunaulizwa kila mara: maziwa hayaoshi mapafu. Maziwa yanaingia tumboni, vumbi liko kifuani, na njia hizo mbili ni tofauti. Kunywa maziwa ukipenda, ni chakula kizuri, lakini usiyahesabu kuwa kinga.

Kiasi gani ni kingi?

Nchini Uingereza, tangu mwaka 2020, sheria hairuhusu mfanyakazi avute hewa yenye zaidi ya miligramu 3 za vumbi la mbao ngumu katika kila mita moja ya ujazo, wastani wa siku ya saa 8. Tuseme karakana yako ina upana wa mita 3, urefu wa mita 3, na paa liko mita 2 na nusu juu. Hewa iliyomo ni mita za ujazo 22 na nusu. Kiasi chote cha vumbi kinachoruhusiwa kuelea humo ni kama miligramu 67. Chota unga wa mbao kwa ncha ya vidole viwili, kama unavyochota chumvi: umeshika kiasi hicho au zaidi. Ndiyo sababu hatusemi "fagia vizuri." Ufagio hauwezi kushinda hesabu hiyo. Lazima vumbi likamatwe pale linapozaliwa.

Anza na upepo, hauna bei

Maliba na vijiji vyote vilivyo kwenye miguu ya milima vina tabia moja ambayo fundi anaweza kuitumia. Mchana jua likipasha moto miteremko, upepo mara nyingi hupanda kutoka bondeni kuelekea mlimani. Jioni na usiku, mlima ukipoa, upepo hugeuka na kushuka. Kwa hiyo nyumba iliyo juu ya benchi inapokea vumbi mchana, na nyumba iliyo chini ya benchi inalipokea jioni. Benchi likiwa pembeni, nyumba haipati sehemu kubwa ya vumbi wakati wowote. Kambini, ambako vilima ni vidogo, funga utepe wa kitambaa chepesi kwenye mti na uangalie kwa siku mbili tatu, asubuhi, mchana na jioni, kabla ya kuchimba nguzo za banda.

Kuhusu namna ya kusimama: mafundi wengi wanaupa upepo mgongo, wakidhani utapeleka vumbi mbele. Kumbe mwili wako ni kama jiwe ndani ya mto. Maji yanapopita jiwe hutengeneza kizunguzungu nyuma yake, na hewa hufanya vivyo hivyo mbele ya kifua chako, ikipandisha vumbi hadi usoni. Upepo ukupige ubavuni. Hilo tu, la kugeuza benchi, linaweza kupunguza vumbi kuliko barakoa ya bei nafuu.

Kama unalazimika kufanya kazi ndani, fungua pande mbili zinazotazamana, ili hewa iingie huku na kutoka kule. Feni ukiwa nayo, hata ndogo ya sola, iweke kwenye dirisha lililo upande wa pili wa kazi, ikisukuma hewa nje. Usiiweke nyuma yako ikipuliza kwenye benchi, maana hapo umetengeneza mashine ya kusambaza vumbi nyumba nzima. Na angalia dirisha hilo linatazamana na nini. Kama ni jiko la jirani au madumu ya maji, hujaondoa tatizo, umelihamisha.

Kazi ya kukamata

Kuna jambo moja la kuelewa kabla hujanunua au kutengeneza chochote. Washa mshumaa, unyooshe mkono, upulize: utazimika. Sasa jaribu kuuzima kutoka umbali huo huo kwa kuvuta pumzi. Hutaweza, hata ujitahidi namna gani. Hewa inayopulizwa inakwenda mbali kwa mstari, lakini hewa inayovutwa inatoka pande zote, na nguvu yake inakufa karibu sana na mdomo wa bomba. Ukiwa na bomba la upana wa sentimita 10, sentimita 10 mbele ya mdomo wake kasi ya hewa imebaki kama sehemu moja ya kumi. Kwa sababu hiyo bomba lililoning'inizwa juu ya benchi "livute vumbi lote" halivuti chochote cha maana. Mdomo wa bomba lazima uguse mahali vumbi linapotokea, au karibu kugusa.

Tuanze na hatua zisizotumia umeme. Chini ya meza ya msumeno wa duara, meno ya msumeno yanarusha unga kuelekea chini. Zungushia miguu ya meza mbao au bati, acha mteremko ndani, na chini kabisa ufunge gunia. Sehemu kubwa ya unga itaingia humo yenyewe. Acha nafasi ya kutosha ili mota ipoe, na uzime mashine kabisa kabla ya kutia mkono. Kwa randa ya umeme na mashine ya msasa, shona mfuko wa pamba nzito iliyofumwa kwa kubana, mkubwa kadiri iwezekanavyo, na uufunge kwenye ile tundu ya kutemea. Mfuko mdogo unajaa hewa na kurudisha vumbi nyuma. Gunia la nailoni, lile la mchele au la mbolea, halifai hapa, maana linazuia maranda tu na unga wote unapita.

Wakati mwingine unaweza kuepuka msasa. Wazee wa kazi walikuwa wakisawazisha mbao kwa kipande cha kioo au bamba la msumeno wa zamani lililonolewa vizuri, wakikwaruza taratibu kufuata nyuzi za mbao. Kinachotoka ni maranda membamba kama karatasi, karibu hakuna vumbi. Vijana wanaliona jambo la kizamani. Sisi tunaona ni bora kuliko mashine ya msasa isiyo na mfuko, na kwenye uso wa mvule linaacha mng'ao mzuri. Unapopaka vanishi tabaka la pili, tumia msasa wa maji ulioloweshwa. Vumbi la vanishi kavu nalo si la kuvuta.

Kwa mwenye umeme na fedha kidogo, au kwa mafundi watatu wanne waliokubaliana kuchangia, pipa la kutenganisha ni hatua inayolipa. Tafuta pipa gumu lenye mfuniko unaobana, la lita 100 hadi 200. Toboa ubavuni karibu na juu, uingize bomba kwa pembe, ili hewa iingie ikiambaa ukuta wa ndani, isielekee katikati. Toboa katikati ya mfuniko, ushushe bomba la pili hadi chini kidogo ya usawa wa lile la kwanza, na bomba hilo ndilo linalokwenda kwenye mashine ya kuvuta. Hewa ikiingia inazunguka kama maji yanayotoka kwenye beseni. Maranda na chembe nzito zinasukumwa ukutani na kuanguka chini, na hewa iliyobaki na unga laini inapanda katikati. Bila pipa, mfuko wa mashine unaziba baada ya muda mfupi na nguvu ya kuvuta inapotea. Ukiwa na pipa unamwaga pipa, na mfuko unaendelea kupumua.

Mambo yanayoharibu kazi hii ni haya. Mfuniko unaovuja hata kidogo hufanya pipa lisitenganishe kitu, kwa hiyo zungushia ukingo mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa. Pipa likijaa kupita theluthi mbili, maranda yanaanza kunyonywa tena juu. Bomba refu lenye kona nyingi linakula nguvu, na mpira wenye mikunjo ndani unakula zaidi. Tumia bomba fupi, laini ndani, lenye kona chache. Ndoo nyembamba ya plastiki itanywea ikivutwa na mashine yenye nguvu. Na feni ya mezani haiwezi kuvuta kupitia pipa, hata ukiifunga vipi. Feni inasogeza hewa nyingi pasipo kizuizi, lakini ikikutana na bomba na chujio inashindwa. Unahitaji mashine ya kuvuta vumbi, au kipulizio chenye pangaboi ndani ya nyumba yake ya duara.

Tahadhari juu ya pipa lenyewe: pipa lililokuwa na petroli au mafuta usilikate kwa moto wala kwa mashine inayotoa cheche. Mvuke uliobaki ndani unalipuka na kuua. Pipa la dawa za mimea usilitumie. Kama ni la chuma, liunganishe kwa waya na chuma kilichochomekwa ardhini, kwa sababu unga unaokimbia ndani ya bomba unazalisha umeme mdogo unaoweza kutoa cheche.

Weka mashine na mfuko wake nje ya karakana, chini ya paa dogo. Hakuna mfuko wa pamba unaozuia unga wote, na ule usiozuiwa ndio laini kuliko wote. Ukiweka mfuko ndani, unakusanya maranda na kujirudishia vumbi lenyewe.

Kusafisha

Usifagie pakavu. Nyunyiza maji kidogo, ngoja, kisha fagia taratibu, au futa kwa kitambaa kibichi. Usisafishe nguo wala benchi kwa mashine ya upepo, ile ya kujaza tairi. Inarudisha hewani kila ulichokamata, na upepo wake unaweza kutoboa ngozi na kuharibu jicho. Futa pia juu ya mihimili na juu ya mabati kwa ndani. Vumbi linalolala huko ni laini, na upepo mmoja unaliteremsha lote.

Nguo za kazi zikae karakani. Osha uso, mikono na miguu kabla ya kumbeba mtoto. Tafadhali msiwaache watoto wachezee rundo la maranda. Kwetu watu wazima linaonekana safi, lakini wakilirusha juu, wanalivuta, na mapafu yao bado yanakua.

Maranda mengine ni mali. Yale manene yasiyo na vanishi wala dawa ni matandiko mazuri ya kuku, mradi uyachekeche kwanza, kwa sababu unga unawakohoza kuku pia. Yanafaa kufunika choo cha shimo. Ukiyaweka shambani mabichi yatanyonya rutuba kwa muda, hivyo yaoze kwanza pamoja na samadi. Lakini maranda ya nguzo zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa, ya mbao zilizopakwa rangi za zamani au ya mbao za kubandikwa, usiyape kuku na usiyachome jikoni. Dawa nyingine za nguzo zina aseniki, na moto hauiondoi. Zika mbali na kisima.

Usiweke jiko la makaa, mbabula, karibu na benchi wala karibu na gunia la unga. Unga unaoelea hewani hushika moto kwa mpigo mmoja. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kupaka mbao usivitupe ndani ya gunia la maranda, kwa sababu mafuta mengine yanajipasha moto yenyewe hadi yawake usiku wakati mmelala. Vitandaze nje vikauke.

Barakoa inakuja mwisho

Kitambaa kilichofungwa puani kinazuia maranda tu. Barakoa za upasuaji, zile zilizozoeleka wakati wa Korona, zina nafasi pembeni ya mashavu, na hewa inapita hapo bila kuchujwa. Inayofaa ni ile iliyoandikwa FFP2 au N95, yenye mikanda miwili inayozunguka kichwa, na inayobana uso pande zote. Ndevu zinaizuia isibane. Ikilowa, ikichafuka ndani au ikawa ngumu kupumulia, itupe. Isitundikwe kwenye msumari juu ya benchi, maana itajaa vumbi upande wa ndani. Iweke kwenye mfuko safi wa karatasi.

Tumeiweka mwisho kwa makusudi. Barakoa inamlinda mtu mmoja kwa muda anaoivaa. Haimlindi mama anayepika pale, wala mwanafunzi wako, wala mtoto. Kwa wale wanaofanya kibarua kwenye karakana za watu, Bwera, Kasese au penginepo: sheria ya Uganda ya usalama na afya kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Mkimbizi mwenye ajira analindwa na sheria hiyo kama mwenyeji. Si rahisi kumwambia hivyo bosi anayeweza kukufukuza kesho, tunajua. Mara nyingi inafaa zaidi kuanza na gunia chini ya meza ya msumeno, kwa sababu bosi naye anavuta vumbi lile lile.

Wakati wa kuja kituoni

Njoo upesi kama unakosa pumzi, kifua kinapiga filimbi, au unakohoa damu. Njoo wiki hii kama umekohoa wiki mbili au zaidi, kama unapungua uzito au unatoka jasho usiku, kama pua imeziba upande mmoja kwa zaidi ya wiki tatu au inatoka damu upande huo huo. Sema umefanya useremala miaka mingapi, na mbao na mashine gani unazotumia. Usiache dawa za pumu ulizopewa eti kwa sababu umenunua barakoa.

Na ukisha kugeuza benchi, kufunga gunia au kutengeneza pipa, rudia lile jaribio la tochi usiku, kwa ubao ule ule na kwa dakika zile zile mbili. Kisha zima mashine, ngoja robo saa, uwashe tochi tena. Kama wingu bado lipo, tafuta linakotoka: mara nyingi ni mfuniko unaovuja, mfuko uliochakaa, au mdomo wa bomba ulio mbali na kazi.